Harufu Ilikuwa Chini, Mtungi Ulikuwa Juu

Aprili ya 2018 mvua ilinyesha Nairobi mpaka tukalisahau jua. Nilikuwa nikiishi Pipeline, Embakasi, katika ploti ya ghorofa sita, bedsita yangu ikiwa ghorofa ya pili. Mvua ile ilituletea mambo mawili: mitaro ilifurika hadi kwenye kizingiti cha geti, na stima ilipotea karibu kila jioni. Uvundo wa mtaro tulikuwa tumeuzoea. Ukifika nyumbani kunanuka, unaruka dimbwi, unaziba pua, unapanda ngazi zako. Hakuna aliyeuliza kunanuka nini.

Ploti yenyewe ilijengwa kama nyingine nyingi za mtaa ule: vyumba vimezunguka uwazi wa katikati ulioachwa ili mwanga ushuke, ingawa mwanga haukuwahi kufika chini. Vidirisha vya pembe za kupikia vyote vilitazama uwazi huo, kwa hiyo aliyekaanga omena ghorofa ya tano aliwakaangia majirani wote. Chini kabisa uwazi uliishia kwenye sakafu ya simiti yenye mfereji mwembamba wa kutoa maji. Mfereji huo ulipita koridoni hadi getini, kwa kuwa sakafu yote ya chini iliinamia upande wa barabara. Huo mwinamo nitaurudia.

Vyumba vya chini vilikuwa vya bei nafuu kwa sababu ya giza na mafuriko. Huko walikaa Mama Pacha na wanawe wa miaka miwili, Mzee wa namba nne aliyestaafu kazi ya ulinzi, na Mama Chapati. Huyu wa mwisho alipika chapati kwa jiko la makaa pale getini kuanzia saa kumi jioni, na alfajiri alichemsha maharagwe kwa mtungi wa kilo 13 uliokaa chumbani mwake. Mzee wa namba nne hakumpenda. Moshi ulimwingilia ndani, wateja walimpigia kelele, na kila alipopata nafasi alimwambia keateka, mtunzaji wa ploti, kwamba yule mama siku moja atatuchoma sote. Chapati zake, hata hivyo, alizinunua kila jioni, mbili, za moto.

Siku ninayoisimulia nilishuka kwenye matatu hapo Taj Mall, jumba ambalo lilikuwa bado limesimama (walilibomoa Septemba ya mwaka huohuo), nikatembea hadi nyumbani na gambuti zangu. Saa moja jioni ilikuwa inaingia. Manyunyu. Stima hakuna mtaa mzima. Getini jiko la Mama Chapati lilikuwa limekolea moto, ndilo lililokuwa taa yetu, na watu watano sita walikuwa wamelizunguka wakingoja zamu.

Niliingia koridoni nikainama kuvua gambuti, na hapo ndipo harufu iliponipata. Nikiwa wima ilikuwa ni ule uvundo wa kila siku. Nilipoinama ikawa kitu kingine, kikali, cha yai viza na kabichi iliyooza. Nikasimama, ikapungua. Nikainama tena, ikarudi. Mtaro haufanyi hivyo. Mtaro hukunukia kokote uelekezako pua.

Mama Pacha alikuwa mlangoni pake, mshumaa mkono mmoja, kibiriti mkono wa pili.

"Mama Pacha, husikii harufu?"

"Ya mtaro? Nimeshinda nayo tangu asubuhi, Mwalimu. Sasa hata siisikii."

Alikuwa ameshachomoa njiti. Nilimshika mkono kwa nguvu kuliko nilivyokusudia.

"Usiwashe. Ni gesi."

"Gesi gani? Mimi natumia stovu ya mafuta taa."

"Si lazima iwe yako. Watoto wako wapi?"

Watoto walikuwa wamelala kwenye godoro lililotandikwa sakafuni, yaani mahali pabaya kuliko pote katika ploti ile. Tuliwabeba mmoja mmoja, gizani, tukipapasa ukuta. Niliyembeba mimi aliamka akalia, akanitapikia begani. Mwenzake alikuwa mzito, kichwa kimelala kwenye shingo ya mamake, na hakufumbua macho mpaka tulipovuka barabara na kufika penye kibanda cha mama mboga. Pale akakohoa, akaomba maji. Mama Pacha alikuwa akimwita jina muda wote ule kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemwita mtoto aje kula.

Nafundisha hisabati na sayansi shule ya msingi, kwa hiyo machache niliyajua. Gesi ya kupikia ni mchanganyiko wa propani na butani, na zote mbili ni nzito kuliko hewa: propani mara moja na nusu, butani karibu mara mbili. Ikivuja haipandi juu kama moshi. Inashuka, inatambaa sakafuni, inafuata ngazi na mifereji, inatulia penye shimo. Yenyewe haina harufu. Uvundo ule hutiwa kwa makusudi kabla gesi haijafika dukani, kemikali za jamii ya merkaptani, kiasi kidogo sana, ili pua ipate habari mapema. Amerika walijifunza umuhimu wake kwa gharama kubwa. Machi 18, 1937, katika mji wa New London, Texas, gesi asilia isiyo na harufu ilijaa chini ya sakafu ya shule. Mwalimu wa kazi za mikono akawasha mashine ya umeme ya kulainisha mbao, na cheche yake ikatosha. Walikufa watu karibu 300, wengi wao wanafunzi, na baada ya hapo ndipo sheria za kuitia gesi harufu zilipoanza kutungwa. Ila pua nayo huchoka. Mtu akishinda na harufu huacha kuisikia, hata iwe kali namna gani. Mama Pacha hakuwa mzembe. Pua yake ilikuwa imemaliza kazi tangu mchana.

Neno "gesi" lilikuwa limeshafika getini kabla sijarudi kuvuka barabara. Na pamoja nalo alikuwa amefika Mzee wa namba nne, kikoi kiunoni, fimbo mkononi.

"Si nilisema? Si nilisema? Huyu mama atatumaliza!"

Mama Chapati alikuwa na unga hadi kwenye viwiko. "Mtungi wangu uliisha Jumapili, Mzee. Ingia uubebe mwenyewe."

"Harufu inatoka kwako!"

"Ingia uubebe."

Vijana wawili waliingia wakautoa. Ulikuwa mwepesi, regyuleta imening'inia pembeni kwenye mpira wake. Lakini wakakiri kwamba chumbani mwa Mama Chapati ndimo munanuka kuliko kwingine kote, na hilo likamtosha Mzee. Watu wakaanza kushika upande. Mmoja alikumbusha moshi wa mwezi uliopita. Mwingine akadai aliwahi kuona mpira wa mtungi ule umepasuka. Mtu akataja Sinai, na nusu ya waliokuwapo wakanyamaza, kwa sababu Sinai si mbali na kwetu na kila mtu wa upande ule wa jiji anaikumbuka Septemba 12, 2011, bomba la mafuta lilipovuja, petroli ikatiririka mtaroni, watu wakaenda kuichota, na moto ukaua watu wapatao mia moja. Wengine, badala ya kusogea mbali, wakarudi ndani kuokoa televisheni. Sijui binadamu ameumbwaje: hatari ikitangazwa, kwanza anatafuta mwenye makosa, halafu anatafuta televisheni yake.

Wakati huohuo Mama Chapati alikuwa ameacha kujibu. Aliangalia koridoni. Akaangalia ule mfereji unaotoka ndani na kuishia hatua chache kutoka alipoweka jiko lake. Halafu akainua beseni la maji ya kunawia akalimwaga lote juu ya makaa.

Majivu yaliruka, mvuke ukapanda, giza likatufunika. Unga uliokandwa, nusu debe hivi, ukabaki unanyeshewa.

"Maji yakifurika yanakuja hapa," alisema. "Hiyo nayo itakuja hapa. Mnabishana mbele ya moto!"

Hakuna aliyemwambia afanye hivyo. Mimi mwenye kujua uzito wa butani nilikuwa nimepita kando ya lile jiko mara mbili, ya pili nikiwa na mtoto begani. Lakini yeye alikuwa ameishi chini ya ghorofa tano kwa miaka, na alijua tabia ya vitu vinavyoshuka.

"Kila kitu cha juu huishia kwangu," akaendelea. "Maji ya kufulia, maganda, soksi, pampasi. Hii si yangu. Hii imeshuka."

"Gesi hupanda," Mzee akasema.

"Moshi ndio hupanda, Mzee," nikamwambia. "Gesi ni nzito kuliko hewa."

Alinitazama kwa namna ambayo wazazi wa wanafunzi wangu hunitazama ninapotaja sehemu na desimali. Lakini watu wengine walikuwa wameelewa, na macho yakaanza kupanda ghorofa kwa ghorofa.

Fundi wa stima aliyekaa ghorofa ya kwanza aliingia getini wakati huo, mkoba begani, amelowa chapachapa. Alisikiliza maneno mawili matatu, akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amelifikiria.

"Stima ikirudi saa hii, ni nyumba ngapi zimeachwa na swichi zimewashwa?"

Tukatazamana. Stima ilikuwa imepotea watu wakiwa kazini na wengine wakipiga pasi. Jibu lilikuwa: karibu zote. Balbu, friji, redio, pasi ya mtu iliyosahauliwa kwenye soketi. Sisi tulikuwa tunaogopa njiti ya kibiriti, kumbe kuna cheche mia zimejipanga ndani ya kuta, zinangoja tu watu wa stima warekebishe nguzo huko waliko.

Sanduku la mita lilikuwa nje, kwenye ukuta wa geti upande wa pili, juu kuliko kichwa, na pale hapakuwa na harufu. Fundi alilifungua akakata swichi kuu, kisha za nyumba moja moja. Alinieleza akiwa anafanya kazi, bila kugeuka: kukata swichi ikiwa hakuna stima hakutoi cheche, kukata ikiwapo ndiko kunakotoa. Kungekuwa na umeme, na harufu ingekuwa imefika pale kwenye sanduku, asingeligusa. Angetuondoa tu. Lile giza tulilokuwa tukililaani jioni nzima ndilo lililotupa nafasi.

Keateka akapanda ngazi akigonga milango kwa kiganja. "Tokeni! Msiwashe kitu! Madirisha na milango muache wazi!" Watu walianza kumiminika. Na kwa kuwa kila mtu alikuwa gizani, kila mtu alikuwa na tochi ya simu, mulika mwizi zikimeta kwenye ngazi kuanzia juu hadi chini. Mama mmoja, aliposikia kelele za "hakuna moto!", akataka kuizima ya kwake akiwa katikati ya ngazi.

"Usizime!" Fundi alimpigia ukelele akiwa getini. "Usiwashe, usizime! Toka nayo hivyohivyo!"

Nilimwelewa baadaye kidogo. Swichi haijali unaibonyeza kwa kuwasha au kwa kuzima. Cheche huruka vilevile.

Nilivuka tena barabara, nikaenda mpaka pua ikaniambia kwamba sasa ni mtaro peke yake, ndipo nikapiga 999. Aliyepokea aliniuliza mahali, akauliza kama kuna moto, akauliza kama watu wametoka. Akasema tukae mbali, asirudi mtu ndani, gari linatumwa. Nikashukuru, lakini niliijua jamu ya jioni ya Outering, na nilivijua vibanda vilivyoubana mtaa wetu mpaka boda boda mbili hazipishani.

Sasa tulikuwa nje, watu zaidi ya mia, kwenye manyunyu, na kila ghorofa ikawa inajihesabu. Ya pili ilitimia. Ya nne ilitimia. Ya tatu walikosekana vijana wawili wa chuo waliohamia mwanzoni mwa mwezi. Keateka alisema mlango wao una kufuli nje na aligonga bila kujibiwa. Alipofika hapo alisikia harufu imekaza, na kwenye ghorofa ya nne haikuwepo kabisa.

Wakati bado tunalijadili kufuli, mmoja wao akatokea. Alitembea polepole akiwa na mkate kwapani na mfuko wa mayai, vipokea sauti masikioni. Aliona umati, akavitoa.

"Kuna nini?"

"Mna gesi?" Fundi akamuuliza.

"Meko. Tumenunua leo."

Maelezo yake yalitoka kipande kipande. Meko zilikuwa zimeingia vyumba vingi vya mtaa wetu tangu serikali iondoe kodi ya VAT kwenye gesi mwaka wa 2016, na vijana hawa nao walikuwa wameamua kuachana na stovu. Walinunua mtungi wa kilo 6 mchana. Bana yake, yaani kichomeo, walikuwa nayo ya zamani, wameirithi kwa binamu. Wa kilo 6 hauna mpira wala regyuleta: bana inazungushwa moja kwa moja kwenye mdomo wa mtungi, na ikikaza inasukuma valvu ya ndani ikafunguka. Kinachozuia gesi isitoke pembeni ni kimpira kidogo cha duara kilichokaa pale zinapokutana. Bana ya binamu haikuwa nacho, au kilikuwa kimekauka kikapasuka, hilo hatukulijua. Tena ilikuwa imeingia upande. Kitufe chake kilikuwa kimefungwa, kwa hiyo kijana aliamini gesi yote iko ndani. Alisikia kaharufu kidogo, akadhani mtungi mpya ndivyo unavyonuka.

"Na mbona hukuiwasha?" keateka akamuuliza.

"Sikuwa na kibiriti."

Alikuwa ametoka kwenda kukinunua. Akapitia mahali wanapoonyesha mpira, mahali penye jenereta, akakaa mpaka mechi ikaisha. Kibiriti kilikuwa mfukoni mwake, kipya, hakijafunguliwa. Mama Pacha, aliyekuwa kimya tangu tumtoe yule mtoto, alinyoosha mkono. Kijana akampa. Akakitupa mtaroni.

Usiku huo kabla ya kulala nilipiga hesabu, kwa kuwa ndiyo namna yangu ya kutulia. Kilo 6 za gesi zikitoka zote mtungini huwa karibu mita 3 za ujazo. Ili hewa iweze kushika moto, inatosha gesi ifike kama asilimia 2 yake. Yaani mtungi mmoja mdogo, ukisambaa vizuri, unaweza kuvitayarisha vyumba vitano kama changu kwa mlipuko. Tena haukuwa umesambaa vizuri. Ulikuwa umejikusanya chini, kwenye uwazi, kwa Mama Chapati na kwa Mama Pacha.

Fundi alitaka kwenda. Keateka alisema tungoje gari. Walibishana kidogo, na mimi nilikuwa upande wa keateka, lakini hakuna aliyeniuliza. Fundi alivua saa, akanipa simu yake nishike, akachukua ufunguo kwa kijana, akaingia koridoni mikono mitupu. Tulimsikia akipanda. Tukasikia mlango. Tukasikia kidirisha kikifunguliwa kwa nguvu, kile cha kutazama uwazi, na kingine cha upande wa barabara. Baada ya hapo hatukusikia kitu kwa muda ambao nisingependa kuukadiria.

Alishuka ameubeba mtungi wima kifuani kama mtoto, bana mkononi, akapita katikati yetu bila neno mpaka kwenye uwanja wa wazi nyuma ya kanisa la mabati, akauweka chini akaondoka mbali nao. Alisema alipoizungusha tu bana na kuitoa, valvu ya mtungi ilijifunga yenyewe na ule mlio ukakoma. Wakati mwingine valvu hukwama, akasema, na ingekwama angeuacha palepale akakimbia. Mtungi ulikuwa baridi mpaka vidole vilimuuma.

Gari la zimamoto liliachwa barabara kuu, vibanda havikuliruhusu kuingia. Askari wake walikuja kwa miguu. Mkubwa wao alimsikiliza Fundi hadi mwisho, akamwambia kwa upole ambao ulikuwa mkali kuliko matusi, "Kijana, umepona. Siku nyingine ukishawatoa watu, kazi yako imekwisha." Fundi akasema ndiyo, mkubwa.

Nilichopenda ni jinsi walivyopima. Mmoja alikuwa na kifaa kidogo cha kugundua gesi. Hakukiinua juu. Alikiinamisha hadi kwenye vifundo vya miguu yake na kutembea nacho hivyo koridoni. Kwenye chumba cha vijana, ghorofa ya tatu, mahali gesi ilipotoka, kifaa kilikuwa kimya: madirisha yalikuwa wazi, upepo umeshapita. Kwenye sakafu ya uwazi, nyuma ya chumba cha Mama Chapati, kikalia mfululizo. Waliinua bamba la simiti lililofunika mfereji, wakafungua milango ya pande zote mbili ili hewa ipite, wakasimama kungoja. Mzee alipendekeza walete feni. Yule askari akamuuliza feni hiyo ataiwashaje.

Baadaye kifaa kikanyamaza hata kwenye mfereji. Wakaturuhusu kuingia, tuache wazi kila kinachofunguka, tusiwashe kitu hadi asubuhi. Tulilala na milango wazi, mvua ikipuliza ndani, keateka na vijana wa ghorofa ya nne wakilinda geti. Mkate wa yule kijana uligawanywa kwa watoto. Mayai yalibaki mabichi.

Asubuhi Fundi aliwaita wale vijana uwanjani na kopo la maji yenye povu la Omo. Walikuwa wamenunua bana mpya yenye kimpira. Akaizungusha taratibu mpaka ikakaa sawa, akapaka povu kwenye maungio, wakachutama kutazama kama kuna puto litakaloinuka. Halikuinuka. Nasema hivi kwa sababu nimewaona kwa macho yangu, hapahapa Nairobi, wale wanaotuletea mitungi nyumbani wakipima kwa kuzungusha kibiriti kilichowashwa mdomoni mwa mtungi, ndani ya jikoni ya mtu, halafu wanatabasamu: "Iko sawa, mama." Mmoja nilimtoa kwangu na mtungi wake. Na usiku wa Februari 1, 2024, lori la gesi lilipolipuka kule Mradi, Embakasi, moto ukala nyumba na maghala, watu wakafa na zaidi ya 200 wakajeruhiwa, nilikuwa nimeshahama upande huo. Niliwapigia Mama Pacha na Fundi kabla hata sijawapigia ndugu zangu. Walikuwa wazima.

Mzee wa namba nne hakuomba msamaha. Alipita getini jioni iliyofuata kama kawaida yake, jiko likiwa limewaka tena kwa makaa ya kukopa, akanyoosha sarafu ya shilingi 20 apewe mbili.

"Kwako ni 15 moja," Mama Chapati akamwambia, macho kwenye kikaango.

"Tangu lini? Huyu si umemuuzia kwa 10?"

"Makaa yangu yalilowa."

Watu kwenye foleni walitazama kando. Mzee alisimama pale, fimbo ikichora kitu kwenye tope, kisha akaingiza mkono kikoini akatafuta sarafu nyingine ya 10. Nilipohama, mwaka uliofuata, alikuwa bado analipa 15.